Tulivyompeleka Mbula Kericho

Honi ilitangulia. Barabara ya kutoka Igoma ilikuwa bado gizani, hatuoni hata mti, na mlio ule wa sauti tatu, pii-paa-poo, ukapanda mlima, ukashuka, ukapotea, kisha ukarudi kwa nguvu mpaka mbwa wote wa Kisesa wakaamka.

"Mutayoba huyo," alisema Mjomba Ngosha. "Mhaya hajui kuja kimya."

Ndipo taa zikachomoza kwenye kona na lori likasimama mbele yetu, limejaa magunia ya mchele. Mutayoba alichungulia dirishani, amevaa tai asubuhi ile, kama mtu anayekwenda kuhutubia.

"Wacheza ngoma! Pandeni juu ya magunia. Atakayetoboa gunia atatafuna mchele mbichi mpaka Kericho."

"Na ngoma?" nikauliza.

"Ngoma ikae katikati, isipate mshtuko. Wewe kaa popote."

Tukampandisha Mbula kwanza. Mbula ni jina la ngoma yetu kubwa, maana yake mvua, na ukimkumbatia mikono yako haikutani. Nilimvika blanketi langu mwenyewe. Kisha nikapanda mimi, Luhaga, nikakaa karibu naye kama mlinzi wa chifu.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nne. Maduka ya ushirika yalikuwa yamefungwa, na kila mwenye miguu alikuwa anafanya biashara. Ukiuliza kwa nini, unajibiwa ruksa, serikali imeruhusu. Mutayoba alikuwa karani wa kampuni ya umma mjini Mwanza. Kampuni ilipokufa hakulia hata siku moja. Alianza na gunia la mchele, akafika kwenye lori, na sasa alikuwa anafungua duka la mchele wa Mwanza huko Kericho, Kenya, milimani, kwenye mashamba ya chai. Alitaka watu wa Kericho wajue amefika. Kwa hiyo aliamua kupeleka ngoma mbili za Kisukuma zishindane mbele ya duka lake siku ya soko: sisi wa Kisesa, ambao ni Bagika, na watu wa Magu, ambao ni Bagalu. Hivyo ni vyama viwili vya ngoma ambavyo tangu enzi za mababu havijakubaliana hata juu ya rangi ya mvua.

Mashindano yetu hayana hakimu. Ngoma mbili zinawekwa uwanja mmoja, zinapigwa kwa wakati mmoja, na watu wanakwenda wanakotaka. Unaimba huku unaona migongo ya watu. Ukizidiwa hakuna anayekuambia. Unabaki na nyasi tu mbele yako.

Anayeongoza nyimbo tunamwita ningi. Ndiye anayetunga, ndiye anayetukana kwa ustadi, ndiye anayebeba usinga, ule mkia wa kupungia. Kwetu ningi alikuwa Mjomba Ngosha, na sauti yake ilikuwa inakwisha. Mimi nilitaka usinga ule kuliko nilivyotaka mke. Tatizo lilikuwa moja: mimi natunga kwa Kiswahili. Sikufundishwa na mtu. Getruda, mkaanga samaki wa pale stendi, alikuwa akifungia samaki kwenye magazeti ya zamani, na mimi nilikuwa nakula samaki ili nipate ukurasa wa mashairi. Kurasa zilikuja zimechanika, beti hazina miisho. Basi nikawa namalizia mwenyewe, nahesabu mizani kwa vidole vyenye mafuta. Hivyo ndivyo nilivyojua vina. Wazee wa Kisesa walisema huo ni ushairi wa samaki, na kwamba ngoma ya Kisukuma haiimbwi kwa lugha ya redio.

Lakini Kericho nani anajua Kisukuma?

"Kericho utaongoza wewe," mjomba alikuwa ameniambia mbele ya kundi zima. "Watu wakihamia kwetu, usinga ni wako hata tukirudi. Wakihamia kwa Shimba wa Magu, utarudi nyuma kuitikia na wenzako, na sitaki kusikia tena habari za vina vyako mpaka nife."

Nilikubali kabla hajamaliza.

Shimba alipandia Magu. Alikuwa ningi wao, mrefu, mweusi, mzuri wa sauti mpaka inakera. Watu wake walipanda na ngoma yao, wakaiweka upande wa pili wa magunia, nasi tukasogea ili nguo zetu zisigusane.

"Luhaga," aliniita hata kabla lori halijaondoka, "nasikia leo Bagika wameleta gazeti."

"Tumeleta. Utasomewa, kwa kuwa kusoma hujui."

"Nami nitakufungia samaki humo."

Watu wake wakacheka. Wetu pia, wasaliti. Modesta, kiongozi wa waimbaji wetu wa kike, ambaye Jumapili huongoza kwaya kanisani na Jumatatu huwatukana Bagalu, alimgeukia Shimba akamwambia, "Kaka Shimba, hifadhi hiyo sauti. Kesho utaihitaji kuomba maji."

Tukaenda hivyo. Pale Lamadi ziwa lilitokea kushoto, jeupe kama bati jipya, na kila mtu akanyamaza kidogo, hata Shimba. Ni desturi yetu, hatuambiani. Nikautumia ukimya ule kuupitia wimbo wangu. Nilikuwa nimeutunga kwa majuma mengi, nao ulihusu Ziwa: samaki wake, mawe yake, dhoruba zake. Niliamini hakuna mtu duniani ambaye angeusikia akabaki amekaa.

Mpakani Sirari ofisa mmoja wa forodha aliutazama mzigo, akaupita mchele wote wenye karatasi zake, akamnyooshea kidole Mbula.

"Na hii bidhaa ni ya kuuza?"

"Ni ngoma, mkuu," alisema Mutayoba.

"Naona ni ngoma. Nauliza kama inauzwa."

Hapo nilisimama juu ya magunia kabla mjomba hajanishika shati.

*Ngoma si mali dukani, ngoma haina risiti,*
*Ilizaliwa porini, haijui hata cheti!*

Modesta akaitikia papo hapo, mpigaji wetu akampiga Mbula kwa kiganja, na foleni nzima ya wasafiri ikaanza kupiga makofi. Ofisa alijaribu kukunja uso, ukamshinda.

"Nendeni, nendeni! Mnanifungia barabara. Lakini kijana, mkishindwa msirudie hapa."

Nikakaa nikiwa nimevimba kifua. Shimba alitazama pembeni, akasema polepole, "Kishairi chenyewe kifupi." Nikajua kimemwingia.

Baada ya Kisii lori lilianza kupanda bila kupumzika. Masikio yaliziba, yakazibuka. Upepo ukabadilika, ukawa kama maji ya mtungini. Modesta alijifunga kanga ya pili, kisha ya tatu. Halafu milima ikafunguka, na yote ilikuwa ya kijani, imekatwa sawasawa juu kama nywele za askari, kilima baada ya kilima mpaka macho yanachoka.

Shimba, mtoto wa wafugaji, alishika kichwa. "Jamani! Malisho yote haya, na ng'ombe hakuna hata mmoja!"

"Ndiyo chai hiyo," Mutayoba alipiga kelele kutoka mbele. "Ng'ombe akiingia humo, mtalipa mpaka wajukuu."

Tuliingia Kericho mvua nyembamba ikinyesha. Kule mvua hainyeshi kama kwetu, ikamaliza kazi yake ikaondoka. Inakaa tu hewani, inakuzunguka. Tulilala kwenye ukumbi wa kanisa, Bagika ukuta huu, Bagalu ukuta ule. Nilimweka Mbula pakavu, juu ya benchi, na blanketi langu likabaki kwake. Mimi nikatetemeka mpaka asubuhi, nikijiambia ningi lazima ateseke.

Kulipopambazuka hapakuwa na jua. Palikuwa na ukungu, na mpigaji wetu akampiga Mbula kumwamsha.

Bup.

Akapiga tena. Bup. Kama mtu anayepiga godoro.

Mbula, ambaye akipigwa Kisesa husikika ng'ambo ya vilima, alikuwa anakohoa. Mjomba Ngosha aliupitisha mkono juu ya ngozi, kisha akaugeuza uso wake taratibu kuelekea ukuta wa pili.

"Shimba. Mmemfanya nini mwanangu?"

Lakini Shimba naye alikuwa amesimama juu ya ngoma yake, na uso wake ulikuwa wa majivu. "Mnatuuliza sisi? Sikiliza!" Akapiga. Bup. "Hii ngoma ilikuwa nzima jana! Ngosha, wewe ni mzee, niliogopa dawa zako tangu Magu. Lakini kuloga ngoma ukumbini mwa kanisa?"

"Mimi nimekuloga?"

"Nani mwingine?"

Na hapo kila mtu akasimama. Majembe ya kuchezea ngoma yakashikwa kwa namna ambayo si ya kuchezea. Kwetu jambo hili si la mzaha. Ngoma ikifa bila sababu, sababu ipo na ina jina la mtu. Nami nilikuwa tayari, sitaficha. Nilikuwa nimekwishamchagua mmoja wao mnene. Nikavuta mkanda wangu ili niukaze kiunoni kwa vita, mkanda wa ngozi ya ng'ombe ambao siku zote ni mgumu kama ubao.

Ukalegea mkononi kama kisamvu kilichopikwa.

Niliutazama. Ngozi ya mkanda ule na ngozi ya Mbula zilitoka kwa ng'ombe mmoja, fahali wa babu yangu. Mkanda haukunyeshewa. Ulikuwa kiunoni kwangu usiku kucha.

"Mjomba," nikasema, "ngoja. Shika huu."

"Toka hapa na mkanda wako!"

"Shika! Umelegea kama Mbula. Ni fahali mmoja. Shimba angemloga Mbula, angeulogea nini mkanda wangu?"

Mjomba aliushika, akaukunja, akaukunjua. Alifikiri sana.

"Basi wamemloga ng'ombe mzima," akasema.

Modesta aliangua kicheko kikubwa mpaka akakaa chini, na kicheko kile ndicho kilichotuokoa, maana mtu mmoja wa Magu naye alicheka, akaweka jembe chini. Nikasema kwa sauti ili pande zote wasikie: ni hewa. Hewa ya huku ina maji, ngozi imeinywa usiku mzima. Kwetu tunaanika ngoma juani na mchezo umekwisha. Huku jua halipo, na watu wa soko wameanza kupita barabarani.

"Tuwashe moto," alisema mtu.

Tukatoka kutafuta kuni. Kila kilichokuwa nje kilikuwa kimelowa. Tuliwasha majani tukapata moshi na kikohozi. Mjomba alikaa kwenye ngazi, usinga magotini. Nilimwona mzee kwa mara ya kwanza. Na mimi niliona usinga ule ukinitoka, si kwa sababu nimeshindwa kuimba, bali kwa sababu ya ukungu! Damu ilinichemka. Kushindwa na mtu naweza kumeza. Kushindwa na hewa siwezi.

Ndipo nikausikia mngurumo. Ulikuwepo tangu jana, mzito, wa chini, hauna mapumziko, nami nilidhani ni mto.

"Modesta, ule ni nini?"

"Kiwanda cha chai. Mutayoba alituonyesha tulipoingia, wewe ulikuwa unamfunika Mbula."

"Chai inachumwa mbichi, sivyo? Na tunainunua kavu."

Alinitazama, akaanza kukaza kanga zake. "Twende."

Kiwanda kilikuwa nyuma ya mikaratusi. Kwenye mlango wa nyuma tulikuta tanuri kubwa kama nyumba, kinywa chake chekundu, na mzee mmoja mwenye buti za mpira akilisha magogo. Joto lilinipiga usoni, nikahisi niko Mwanza.

"Shikamoo, mzee."

Alisimamisha gogo hewani. "Ati nini?"

"Shikamoo."

"Hilo neno nalisikia kwa redio tu. Mtu anajibu aje?"

"Unajibu marahaba."

"Marahaba," akasema, akilionja. "Tamu. Mimi ni Tonui. Haya, nyinyi watu wa Tanzania, mnataka nini? Maana mkisalimia hivyo lazima kuna kitu mnataka."

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Hii moto ni ya chai, si ya ngoma."

"Mzee wangu," alisema Modesta kwa ile sauti yake ya Jumapili, "hatutaupunguza. Tutasimama tu mbele yake kama wewe unavyosimama."

Tonui alitazama moto, akanitazama mimi ninavyotetemeka kwa shati moja, akatazama mlango wa ndani. "Pale, kwa huo ukuta, ndipo tunaanika makoti. Hapo si tanuri. Hapo ni ukuta tu. Ukuta haina mwenyewe. Lakini mkawie kidogo na mwende."

Tulirudi mbio. Tulimbeba Mbula na blanketi lake, mjomba akitufuata bila kuamini. Tulipomweka pale ukutani, wachumaji wa chai wa asubuhi walikuwa wanapita kwenda kupima majani, wengi wao akina mama, vikapu mgongoni, na mmoja wao alisimama kuigusa ngozi ya ngoma. Nikauona mkono wake. Vidole vilikuwa vyeusi, vimepasuka, doa la chai limeingia mpaka ndani ya mistari ya kiganja. Alicheka, akaenda zake.

Tulimgeuza Mbula polepole, upande huu, upande ule. Kisha mpigaji akamgusa kwa ncha za vidole.

Duuum.

Magogo ya Tonui yalitikisika. Mjomba Ngosha alifumba macho.

"Sasa twende," akasema. "Haraka, kabla hajapoa. Shimba atapiga godoro lake, sisi tutakula uwanja."

Kila mtu akainama kumnyanyua. Mimi sikuinama.

"Tuwaite na wao," nikasema.

"Tuwaite nani?"

"Bagalu. Walete ngoma yao hapa."

Mjomba alinisogelea mpaka nikaisikia pumzi yake. "Luhaga. Wewe ndiye uliyelogwa. Mungu amekupa adui asiye na ngoma, na wewe unamtafutia?"

"Nikimshinda Shimba ana ngoma yenye mafua, Magu nzima watasema nini? Watasema baridi ndiyo iliyoshinda. Watauimba huo wimbo mpaka wajukuu zangu. Mimi nataka kumshinda yeye. Mzima! Na ngoma yake nzima, na sauti yake yote."

"Ukishindwa usiniambie ulikuwa mkarimu."

"Si ukarimu, mjomba. Ni kiburi."

Kisha Modesta, bila kungoja ruhusa ya mtu, akatoka mbio kwenda ukumbini.

Shimba alikuja na ngoma yake kichwani, peke yake, akiwa na hakika ni mtego. Alipoona tanuri, alipoona Mbula amesogezwa pembeni kumpisha, alisimama tu. Aliweka ngoma yake mahali nilipomwonyesha, tukakaa bega kwa bega tukiota moto. Ngoma yake ilipolia vizuri aliniambia, "Umefanya ujinga mkubwa sana."

"Najua. Imba vizuri."

Akaimba vizuri. Mungu anajua aliimba vizuri kuliko siku zote nilizomsikia.

Uwanja ulikuwa mbele ya duka jipya la Mutayoba, kando ya soko. Ngoma mbili zilianza pamoja, na wote waliokuwa wananunua viazi waliacha viazi. Vijana wa Magu walirusha majembe juu, yakazunguka hewani, wakayadaka migongoni mwao. Watu wa Kericho hawakuwa wameona jambo kama hilo. Shimba alipandisha sauti juu ya ngoma yake kama moshi juu ya mlima. Hakuna aliyeelewa neno hata moja, na hakuna aliyejali.

Nami nikaimba wimbo wangu wa Ziwa. Beti ya kwanza watu walinigeukia. Beti ya pili walisikiliza kwa heshima. Beti ya tatu nikaanza kuona migongo. Mmoja, kisha familia, kisha kundi zima la wanafunzi wakavuka kwenda kwa Shimba. Nyasi zikaanza kuonekana mbele yangu. Nikaongeza sauti. Nyasi zikaongezeka. Kwenye ukingo wa jicho niliona usinga umetulia mkononi mwa mjomba, haupungwi.

Modesta alicheza kuja karibu yangu, akaninong'oneza huku akitabasamu kwa watu, "Luhaga, hawa hawajawahi kuliona ziwa lako."

Lilikuwa neno la kweli, likanichoma. Nilikuwa nawaimbia watu nyumba yangu wakati nimesimama kwenye yao. Mbele yangu, miongoni mwa wachache waliobaki, alikuwa yule mama wa kiwandani. Alikuwa ameshika kikapu kitupu, na vidole vyake vyeusi vilikuwa vinafuata mapigo ya Mbula kwenye ukingo wa kikapu.

Nikanyamaza. Nikainua mkono, na mpigaji wetu akashusha mapigo mpaka yakawa kama moyo. Nikaacha majuma yale yote ya kazi yaende. Nikahesabu mizani kwa vidole, kama wakati wa samaki, nikafungua kinywa:

*Mikono ya ukunguni, baridi yaitafuna,*
*Yachuma jani kwa jani, hadi kikapu chanona,*
*Wanywao huko mjini, mikono hawajaona,*
*Shikamoo we mkono, leo twakuita jina!*

Yule mama alitazama mikono yake.

Nikaurudia mstari wa mwisho peke yangu, polepole. "Shikamoo we mkono!" Na kutoka nyuma kabisa, upande wa Shimba, katikati ya umati wa Shimba, sauti moja nzito ikajibu:

"Marahaba!"

Alikuwa Tonui, na buti zake za mpira. Watu waliomzunguka walicheka. Nikaita tena, Modesta na wenzake wakaita nami: "Shikamoo we mkono!" Safari hii walijibu wengi, wachumaji aliokuja nao, wameinua mikono juu: "Marahaba!" Nikampa ishara mpigaji wetu. Mbula akanguruma na joto lote la tanuri alilokuwa amelihifadhi tumboni, nami nikaiimba beti ile upya kutoka mwanzo, kwa kasi ya jembe, na wanawake wa Kisesa wakaichukua wakaipeleka juu.

Niliona migongo ikigeuka ikawa nyuso. Yule mama alitupa kikapu chini akaingia kucheza. Wachumaji walikatiza uwanja, vikapu vinarukaruka migongoni, kisha wanafunzi wale waliokuwa wamenikimbia, kisha wauza viazi, kisha wanawake wenye watoto, wakija kama maji yanayotafuta bonde. Kila nilipoisalimia mikono yao, mikono yao ilinijibu. Hata Mutayoba, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi za duka lake asionekane kupendelea, nilimwona katikati ya watu wetu, tai imegeukia mgongoni, akiitikia marahaba kwa shikamoo ambayo hakuna aliyempa.

Mbele ya Shimba palibaki nyasi.

Aliimba beti yake mpaka mwisho. Ningi wa kweli hakati wimbo njiani. Alipomaliza alishusha mkono, ngoma yake ikanyamaza, na Mbula akabaki peke yake juu ya milima ile yote ya chai.

Mjomba Ngosha alinijia akikata umati. Sauti yake ilikuwa imekwisha kabisa, akasema kwa kunong'ona, lakini niliona mdomo wake. "Ushairi wa samaki," alisema, akatikisa kichwa, akauweka usinga mkononi mwangu na kuvifunga vidole vyangu juu yake kwa vidole vyake. Nikaupunga. Uwanja mzima ulipiga kelele. Sitasema kwamba nililia. Kulikuwa na ukungu.

Kisha umati ulipasuka, Shimba akaja, jasho likimtiririka, na watu wake nyuma yake. Bagika wote wakanikaribia. Hakuwatazama.

"Mwakani," alisema, "Magu. Nyumbani kwangu, kwenye jua langu. Hapo hapana chai."

"Na nyasi za kutosha mnazo? Maana leo umezizoea."

Kicheko kilipita pande zote mbili. Akanipa mkono, mkono mgumu wa kazi, bado una joto la ukuta wa Tonui. Nikaushika kwa mkono wangu wa kulia, usinga katika wa kushoto, na nikasema kwa sauti ili Kisesa na Magu wote wanisikie:

"Shimba, nakuahidi mbele ya hawa: mwakani nitakuja Magu, mbele ya mama yako na wazee wako wote, nami nitabeba kuni kichwani kutoka Kisesa. Ngoma yako nitaipasha moto kwa mikono yangu mwenyewe, ilie kuliko ilivyopata kulia. Na ikishalia hivyo, nitakushinda."